Mama wa miaka 26 asirudishwe nyumbani kwa sababu ya umri pekee

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nizungumzie jambo ambalo kwa muda mrefu limejadiliwa kwa minong'ono katika kliniki za upangaji uzazi hapa Kisumu na kaunti jirani, na ambalo msomaji wako mmoja aliligusia hivi majuzi alipopendekeza kwamba Bunge litunge sheria ya kumzuia mwanamke yeyote aliye chini ya miaka 35 kufunga kizazi. Nimefanya kazi ya uuguzi na ukunga kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na ingawa sasa nimestaafu, bado akina mama hunijia nyumbani kuniuliza mambo ambayo waliogopa kuyauliza hospitalini. Pendekezo hilo naamini lilitolewa kwa nia njema, lakini litawaumiza wanawake wale wale ambao mwandishi wake alitaka kuwalinda.

Kwanza ieleweke sheria inasemaje leo. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kupata huduma za afya za kiwango cha juu kinachowezekana, na kimeitaja afya ya uzazi waziwazi. Kifungu cha 27 kinakataza mtu kubaguliwa kwa misingi ya jinsia, umri au hali yake ya ndoa, miongoni mwa misingi mingine. Mtu mzima, kwa mujibu wa Katiba hiyo hiyo, ni yule aliyetimiza miaka 18. Sheria ya Afya ya 2017 nayo inataka mgonjwa aelezwe njia za matibabu zilizopo, faida zake, hatari zake na gharama zake, kisha akubali au akatae kwa hiari yake. Hakuna sheria ya nchi hii inayotaja miaka 30 au 35, wala inayodai sahihi ya mume.

Hata hivyo, mama anayefika hospitalini akiwa na miaka 26 akaomba kufunga kizazi, yaani kufungwa mirija inayopitisha yai, hukutana na sheria nyingine, ambayo haijaandikwa popote. Mmoja ataambiwa arudi akifikisha miaka 30. Mwingine, katika hospitali ambayo ni mwendo wa matatu moja tu kutoka ile ya kwanza, ataambiwa 35. Wa tatu ataulizwa ana watoto wangapi, na akijibu wawili atashauriwa aongeze wengine kwanza, tena ataulizwa kama kuna mvulana kati yao. Namkumbuka mama mmoja wa upande wa Nyakach aliyekuwa amejifungua kwa upasuaji mara tatu, naye akarudishwa nyumbani kwa sababu alionekana bado ni msichana. Kila mkunga anajua kwamba kizazi kilichopasuliwa mara tatu hubeba mimba ya nne kwa hatari: kondo la nyuma linaweza kujishikiza kwenye kovu na kukataa kubanduka, au kovu lenyewe likaachia wakati wa uchungu, na katika hali zote mbili mama huvuja damu ambayo hospitali nyingi zetu hazina akiba ya kuirudisha. Mama huyo aliambiwa ni mdogo mno kufunga kizazi, lakini hakuna aliyemwambia kwamba ni mdogo mno kupasuliwa kwa mara ya nne. Alirudi baadaye akiwa na mimba.

Wanaotaka umri uwekewe kikomo wana hoja moja nzito, nayo ni majuto. Nchini Marekani watafiti waliwafuatilia wanawake zaidi ya 11,000 waliofungwa mirija kati ya mwaka 1978 na 1987, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha kwamba kwa waliofungwa wakiwa na miaka 30 au chini yake, uwezekano wa kusema kwamba wanajuta katika kipindi cha miaka 14 ulikuwa asilimia 20.3, ilhali kwa waliofungwa wakiwa wamepita miaka 30 ulikuwa asilimia 5.9. Mwanamke mmoja katika kila watano si idadi ya kupuuzwa. Upasuaji wa kuunganisha mirija tena ni wa kitaalamu, una gharama kubwa, na hata ukifanywa vizuri hauna uhakika wa kuleta mimba. Kupandikiza mimba iliyotungwa maabara ni jambo ambalo familia nyingi za hapa haziwezi hata kuliwazia. Kwa hiyo daktari anayesitasita mbele ya msichana wa miaka 22 hafanyi hivyo kwa ukatili, na mimi sitamlaumu kwa kusitasita.

Lakini utafiti huo huo una sehemu ambayo watu hawaisomi, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Watafiti waliangalia pia muda uliokuwa umepita tangu mama azae mtoto wake wa mwisho. Waliofungwa ndani ya mwaka mmoja baada ya kujifungua, wakiwa na miaka 30 au chini, walikuwa na uwezekano wa majuto wa asilimia 22.3, na waliofungwa papo hapo baada ya kujifungua, iwe kwa njia ya kawaida au kwa upasuaji, walikaribiana nao. Mtoto wa mwisho akiwa na miaka miwili au mitatu, majuto yalishuka hadi asilimia 16.2, akiwa na minne hadi saba, asilimia 11.3, akiwa ametimiza minane au zaidi, asilimia 8.3. Na wanawake waliojuta kwa uchache kuliko wote walikuwa wale ambao hawakuwahi kuzaa kabisa, asilimia 6.3.

Nimelitafakari sana jambo hilo, kwa sababu mwanamke asiye na mtoto ndiye ambaye katika kliniki zetu angefukuzwa kabla hajaketi. Naona maelezo yake si magumu. Mwanamke wa namna hiyo akifika kuomba kufungwa, huwa ameshaishi na wazo hilo miaka mingi, ameshalaumiwa na mama yake, shangazi zake na wakwe, na maswali yote ambayo muuguzi angemuuliza ameshayajibu mara nyingi mbele ya watu wenye ukali zaidi. Mama aliyejifungua jana, kwa upande mwingine, anaamua akiwa na maumivu, usingizi haumtoshi, mtoto bado hajapona kitovu, na hajui kama atamwona akitembea. Miaka yao inaweza kuwa sawa kabisa. Kinachowatofautisha ni hali ambayo kila mmoja alikuwa nayo alipoulizwa.

Naongeza, kwa haki, kwamba Marekani si Nyanza. Hapa kwetu malaria bado inawachukua watoto wadogo, na mwanamke wa miaka 28 mwenye watoto watatu leo anaweza kubaki na wawili kesho. Ajali za bodaboda na za barabara kuu zinawaacha wajane vijana. Mjane huyo akiolewa tena, nyumba mpya hutarajia mtoto wa nyumba hiyo, na mke asiyeweza kumleta huishi kwa wasiwasi hata kama mume wake ni mwungwana. Nimewaona wanawake wa aina hiyo wakija kuuliza kwa sauti ya chini kama mirija inaweza kufunguliwa. Kwa hiyo nakubali kabisa kwamba umri mdogo humpa mtu miaka mingi zaidi ya kupatwa na mageuzi ambayo hakuyatazamia. Ninachokataa ni kwamba dawa ya jambo hilo ni kumwambia arudi baada ya miaka tisa bila kumpa kitu kingine mkononi.

Shirika la Afya Duniani limeshaliweka suala hili mahali pake. Katika mwongozo wake wa kuamua nani afae kwa njia gani ya kupanga uzazi, umri mdogo umewekwa katika kundi la tahadhari, maana yake mhudumu aendelee lakini kwa maandalizi ya ziada, na kutokuwa na mtoto hakukuwekwa kuwa kizuizi. Hiyo ndiyo kauli ambayo ningetaka iongoze hospitali zetu: kadiri mwanamke alivyo kijana, ndivyo mazungumzo yawe marefu zaidi na yafanyike mapema zaidi, lakini jibu la mwisho libaki kuwa lake.

Mazungumzo hayo yana mambo yake, na si kumsomea mama karatasi. Aulizwe ni nani aliyelileta wazo hili kwanza. Aulizwe angefanya nini kama mtoto mmoja angefariki, au kama ndoa ingevunjika, na aachwe anyamaze anapotaka kunyamaza. Aulizwe ni kitu gani kilimchosha katika njia nyingine, maana wengi wanaoomba kufungwa wakiwa vijana wamechoshwa na damu isiyokatika baada ya sindano au kipandikizi, na hawajawahi kuambiwa kwamba koili ya shaba, ile inayowekwa ndani ya kizazi, haina homoni na inaweza kukaa miaka 10 au zaidi. Kipandikizi cha miaka mitatu au mitano kinazuia mimba kwa kiwango kisichopungua kile cha kufunga mirija, nacho kikitolewa uwezo wa kuzaa unarudi. Mwanamke mwenye shaka hata kidogo ana njia ya kungojea bila kubeba mimba. Hata hivyo, njia hizo zitajwe kama chaguo, zisitumiwe kama kisingizio cha kumfukuza aliyekwisha kuamua. Na pia zisitajwe siku ambayo stoo ya kliniki haina hata koili moja, jambo ambalo wasomaji wengi wa Nyando na Seme wanalijua vizuri kuliko mimi.

Vilevile aambiwe ukweli ambao mara nyingi hufichwa, kwamba kufunga mirija si uhakika wa asilimia 100. Utafiti mwingine uliofanywa kwa wanawake hao wa Marekani, uliotolewa mwaka 1996, ulikuta mimba 18.5 katika kila wanawake 1,000 ndani ya miaka 10, na takriban theluthi moja ya mimba hizo zilitunga nje ya kizazi. Waliofungwa wakiwa vijana walikuwa katika hatari kubwa zaidi, kwa sababu walikuwa na miaka mingi ya rutuba mbele yao. Mama aliyefungwa akikosa hedhi na kusikia maumivu makali upande mmoja wa tumbo asiambiwe kwamba haiwezekani awe na mimba. Na asisahau kwamba mirija iliyofungwa haimkingi na VVU, katika eneo ambalo Kisumu, Siaya na Homa Bay zimo kati ya kaunti zenye maambukizi mengi zaidi nchini.

Sasa nije kwenye upande ambao msomaji wako hakuutaja. Mfumo ule ule unaomrudisha mama wa miaka 26 anayekuja siku ya kliniki akiwa mzima, akili zimetulia, ndio unaomwekea mwingine wa umri huo huo karatasi mbele yake akiwa katika uchungu au akiwa analazwa kwenye meza ya upasuaji. Nimekuwa ndani ya vyumba hivyo. Daktari wa zamu anasema, kwa kuwa tumbo litafunguliwa, tumalizie kabisa. Muuguzi analeta fomu. Mama anatia kidole gumba kati ya uchungu mmoja na mwingine. Hapo hakuna anayeuliza miaka. Shirikisho la Kimataifa la Madaktari wa Wanawake na Uzazi lilisema mwaka 2011 kwamba kufunga kizazi ili kuzuia mimba ya baadaye si dharura kamwe, na kwamba idhini isitafutwe wakati mama yuko katika hali ya kushindwa kufikiri kwa utulivu. Ukilinganisha na takwimu nilizotaja za waliofungwa mara baada ya kujifungua, utaona kwamba majuto mengi ambayo tunaulaumu umri kwa ajili yake yanapikwa ndani ya wadi zetu wenyewe.

Nchi hii ina historia chungu katika jambo hili. Mwaka 2012 ilitoka ripoti iliyokusanya ushuhuda wa wanawake 40 wanaoishi na VVU waliofungwa kizazi bila kuelezwa, au kwa kushinikizwa. Mwaka 2014 baadhi ya wanawake walifika Mahakama Kuu jijini Nairobi, na baadhi yao walieleza jinsi walivyotakiwa waonyeshe ushahidi wa kupanga uzazi ili wapewe chakula na maziwa ya watoto wao. Ilichukua miaka minane na zaidi kabla mahakama haijaamua kwamba haki zao zilivunjwa na kuamuru walipwe fidia. Mwaka huo huo wa 2014 Mahakama ya Juu ya Namibia iliamua kesi inayofanana na hiyo, na akina mama wakashinda. Marekani nayo, ambako msomaji wako alisema kuna sheria ya umri, iliweka miaka 21 na muda wa kungoja wa siku 30 kwa upasuaji unaolipiwa na serikali kuu, lakini ilifanya hivyo mwaka 1978 baada ya nchi kushtuliwa na habari za dada wawili wa Alabama, wa miaka 12 na 14, waliofungwa kizazi mwaka 1973 mama yao akidhani wanapigwa sindano ya kupanga uzazi tu. Kanuni hiyo ilitungwa kumzuia mwenye kisu. Haikuwa na nia ya kumzuia mwanamke aliyekuja kwa miguu yake mwenyewe, ingawa hata huko wapo wanaolalamika kwamba sasa inawakwamisha maskini waliokwisha kuamua.

Kuhusu waume, sitasema mengi. Mume mwema ashirikishwe, aje kliniki, asikie yote, na ikiwezekana afikirie kufungwa yeye, kwa kuwa upasuaji wa mwanamume ni mdogo zaidi, huchukua dakika chache na hauhitaji kufungua tumbo. Kumshirikisha ni jambo jema. Kumfanya awe mwenye kutoa ruhusa ni jambo jingine, na halina msingi katika sheria. Mama ambaye mumewe yuko Nairobi au Mombasa na hatumi hata pesa za unga hawezi kuambiwa asubiri sahihi yake, na yule anayepigwa nyumbani ndiye wa mwisho anayepaswa kutumwa kuiomba. Mjane na mwanamke asiyeolewa nao hutakiwa walete kaka au baba, jambo ambalo sijawahi kuona likidaiwa kwa mwanamume yeyote aliyekuja kufungwa.

Daktari ambaye dhamiri yake haimruhusu kumfunga kijana asilazimishwe. Lakini amwandikie barua ya rufaa kwa mwenzake siku hiyo hiyo, aandike kwenye faili sababu ya kukataa kwake, na asiseme "sheria hairuhusu" wakati anachomaanisha ni kwamba yeye hataki. Hospitali kuu za rufaa za eneo hili, ya Kisumu na ya Kakamega, zina madaktari wa kutosha kumpokea mama wa namna hiyo.

Kwa idara za afya za kaunti zetu nina ombi ambalo halihitaji sheria mpya ya Bunge. Mazungumzo haya yaanze katika kliniki ya wajawazito, mimba ikiwa bado na miezi kadhaa, na kilichosemwa kiandikwe kwenye kijitabu cha mama na mtoto ambacho kila mjamzito hubeba. Anayefika wadi ya kujifungulia bila maandishi hayo asiletewe fomu hapo; apewe njia nyingine ya kupanga uzazi na tarehe ya kurudi baada ya wiki sita. Anayefika akiwa nayo aulizwe tena kabla uchungu haujakolea, peke yake, bila mume wala mkwe chumbani, na akisema amebadili nia isiwe neno. Fomu yenyewe iandikwe kwa Kiswahili na kwa lugha ya eneo, isomwe kwa sauti kwa asiyejua kusoma, na ile nafasi ya sahihi ya mume, ambayo ilikuwa bado imechapishwa kwenye fomu tulizokuwa tukitumia nilipostaafu, ifutwe.

Muuguzi na mkunga mstaafu,
Kisumu